Hakuna Ishara ya Kusimama

"Hivi jamani, mnachinja nini humo ndani?"

Ndivyo jirani mshonaji alivyouliza alasiri moja, kichwa chake kimechomoza juu ya ukuta wa ua, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni na pini amezibana kwa midomo. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, maana sauti iliyokuwa inatoka sebuleni kwa Mama Taratibu haikuwa ya kufanyia mzaha. Ilianza kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, ikapanda ikawa bawaba kavu ya geti, halafu ikashuka na kuishia kama mzee anayekohoa kohozi lisilotaka kutoka.

"Hatuchinji kitu," alijibu Mama Taratibu huku anaanika shuka. "Tungekuwa tunachinja, saa hizi angekuwa ameshakufa, amepumzika."

Jirani akacheka mpaka pini zikamponyoka. "Sasa ni nini?"

"Ni mwanangu. Anapiga muziki."

"Huo?"

"Huo huo."

"Muziki wa kumfukuza nani?"

Mama Taratibu alibana shuka kwa vibanio, akaikung'uta mikunjo, akaingia ndani. Kucheka hakuweza. Lililomkaa rohoni halikuwa kelele. Lililomkaa rohoni ni kwamba kelele ile ilitoka ndani ya saksafoni ya marehemu mumewe.

Jina la Mama Taratibu alipewa na mtaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona anakimbia wala kumsikia anapaza sauti. Alikuwa mjane mtulivu, mtu wa ibada, mtu wa kukaa pembeni na kuangalia. Mumewe alipiga saksafoni kanisani tangu ujana wake hadi kifua kilipomkatalia. Kila Jumapili jioni aliifungua vipande vipande mezani, akaifuta ndani kwa kitambaa laini, akailaza kwenye sanduku lake jeusi kama mtu anayelaza mtoto. Hakuruhusu iwekwe sakafuni. Alipougua kifua, hata kupuliza mshumaa kulimshinda, lakini sanduku alitaka likae pale anapoweza kuliona. Mama Taratibu alimuuguza mpaka mwisho. Alijifunza kuisoma pumzi yake hata akiwa jikoni: hii ya kawaida, hii ya shida, hii ya kukimbilia dawa.

Baada ya msiba, mtoto wake wa kiume akaichukua saksafoni. Huyu alikuwa fundi wa friji, kijana mchapakazi, mikono yake inanuka gesi na grisi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mama alifurahi. Alidhani atasikia tena zile nyimbo za Jumapili. Kumbe wapi.

Fundi alijiunga na wenzake wawili. Mmoja alikuwa seremala mwenye mwili mkubwa, jina la utani Mbao, aliyejitengenezea mwenyewe besi la kusimama, lenye tumbo kama kabati na nyuzi nene kama kamba za kuanikia. Mwingine alikuwa mkwe wa nyumba hiyo, mume wa binti yake Mama Taratibu. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi magari gereji, na ngoma alizipiga tangu shuleni. Alikuwa mpole, mwenye haya, hakuweza hata kumtazama mama mkwe machoni akimsalimia. Kifua chake hakikuwa kizuri. Ile rangi ya kupulizia ilikuwa imemwingia, na pampu ya dawa haikumtoka mfukoni.

Walikuwa wanafanyia mazoezi sebuleni kwa Mama Taratibu, na hapo ndipo kinyaa kilipoanza.

Kwanza, mate. Mumewe alipopuliza, alikuwa na kitambaa chake, anafuta kila baada ya wimbo. Fundi alipuliza kwa mashavu, kwa koo, kwa meno, wakati mwingine akanguruma ndani yake kama mbwa mwenye mfupa, na mate yakachuruzika kwenye bomba mpaka yakadondoka mkekani. Pili, kile kijiti chembamba cha mwanzi kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni, ambacho wenyewe wanakiita ulimi: Fundi alivilowesha vijiti vyake kwenye glasi ya mama ya chai. Siku moja mama akainua glasi anywe, akakutana na ndimi mbili zinaelea, zina utando. Aliitupa chai, akaitupa na glasi.

"Mama, ni mwanzi tu," Fundi alisema.

"Ni mwanzi uliotoka kinywani mwako, baba. Ulipokuwa mchanga nilivumilia. Sasa una ndevu."

Mkwe naye, pamoja na upole wake wote, alikuwa na mchezo wa kulamba kidole na kukiburuta juu ya ngozi ya ngoma, na ngoma ikatoa ile sauti ambayo mtu akiitoa mbele za watu huomba radhi. Mbao alikuwa na upinde wake wa kusugulia nyuzi. Alisugua chini kabisa, mpaka vikombe kabatini vikatetemeka na meno ya mtu yakauma.

Lakini lililomchukiza zaidi ni utaratibu wao, au kwa usahihi, kukosa kwao utaratibu. Jioni moja aliangusha mfuniko wa sufuria jikoni. Kabla haujaacha kuzunguka sakafuni, kutoka sebuleni toazi likajibu, tsaaa, na saksafoni ikauiga mfuniko ule, ikazunguka, ikazunguka, ikalala. Akachungulia. Wote watatu walikuwa wanatabasamu, macho wamefumba.

"Nimeangusha mfuniko," akawaambia. "Sijawaita."

"Ndiyo muziki wenyewe, Mama," Fundi akamweleza, jasho linamtoka. "Ni jazi, lakini jazi isiyofungwa. Hatupangi kitu. Hakuna wimbo, hakuna kiitikio. Chochote kinachosikika chumbani ni chetu, tunakijibu. Mlango ukilia, tunaujibu. Mtu akikohoa, tunamjibu."

"Na mnajuaje kwamba mmemaliza?"

"Hatujui. Inakwisha yenyewe."

"Na mmoja wenu akitaka kusimama?"

Fundi akacheka. "Akisimama, kusimama kwake nako ni muziki. Wawili tuliobaki tutakujibu huko kusimama."

Mama Taratibu aliwatazama mmoja mmoja. Mbao alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia neno zito. Mkwe aliinamisha uso.

"Hata ng'ombe wa kulima wana neno la kuwasimamisha," alisema, akarudi jikoni.

Jioni hiyo hiyo aliingia chumbani kusali, mlango ameufunga. Alisali kwa sauti ya chini kama kawaida yake, akawaombea wagonjwa, akamwombea na mwanawe. Alipofika mwisho akasema "Amina," na kutoka upande wa pili wa ukuta saksafoni ikasema vilevile, kwa mvuto uleule, aaa-miii-na, halafu ikairudia kwa kuikwaruza, halafu ikaitafuna. Mama alibaki amepiga magoti, mwili umemsisimka kama aliyeguswa na mjusi. Alijihisi kama mtu aliyechunguliwa bafuni.

Basi mwalimu wa kwaya alipokuja kumwomba saksafoni irudi kanisani, kwa kuwa kijana mmoja wa kwaya alikuwa tayari kujifunza, Mama Taratibu hakuona la kufikiria. Alimwambia Fundi siku hiyo hiyo.

Fundi akasema, "Mama, hujawahi kutusikiliza. Umekuwa unatusikia tu, ukiwa unaosha vyombo. Jumamosi hii tunapiga karakanani kwa Mbao, tumealika watu. Njoo. Ukae mpaka mwisho, usinyanyuke, usiseme neno. Ukimaliza kusikiliza ukaniambia iende kanisani, naibeba mwenyewe kwa mikono yangu."

"Na nisipokaa mpaka mwisho?"

"Basi niachie. Hutakuwa umenisikiliza."

Ilikuwa haki. Mama Taratibu alipenda haki hata ilipomkalia vibaya. "Nitakuja," alisema. "Nitakaa."

Jumamosi binti yake alimpitia mlangoni, amevaa sare ya kazini. Alikuwa anafua hospitali, na siku hiyo zamu ilimwangukia mchana. "Mama, mwangalie mume wangu," alisema. "Leo ameamka kifua kimembana, na kwenda anakwenda tu, mbishi kama jiwe. Pampu iko kwenye koti lake."

"Mimi sitakiwi hata kunyanyuka," mama alijibu.

"Sijasema unyanyuke. Nimesema mwangalie."

Karakana ya Mbao ilikuwa chumba kirefu chenye bati juu na madirisha membamba. Mbao alikuwa ameifagia asubuhi hiyo kwa heshima ya wageni, na kwa kuifagia akawa ameiharibu: vumbi la mbao lililokuwa limetulia kwa miezi sasa lilikuwa linaelea hewani, linang'aa kwenye mwanga wa dirisha kama unga uliopepetwa. Makabati mawili yaliyopakwa vanishi siku iliyotangulia yalisimama ukutani, hayajakauka, yananuka mpaka machoni. Viti havikulingana: stuli, viti visivyo na migongo, benchi moja, kitanda kisicho na godoro. Watu walikuja, ndiyo. Mama Taratibu hakutegemea. Walikuwa vijana wenye miwani mikubwa, mafundi wenzake Fundi, msichana mmoja aliyekaa juu ya meza ya randa akakunja miguu. Jirani mshonaji naye alikuja, amejipulizia manukato, amekaa mbele kama aliyelipiwa.

"Nimekuja kuona kama mtamaliza kuchinja," alimnong'oneza Mama Taratibu.

"Nyamaza. Mimi nimeahidi kunyamaza."

Mbao akaweka simu yake juu ya rafu ili irekodi. Mkwe akatundika koti lake kwenye msumari nyuma ya ngoma. Alipomwona mama mkwe, akainama kidogo kwa heshima, na Mama Taratibu akaona mabega yake yamepanda juu karibu na masikio, kama ya mtu anayebeba ndoo mbili. Aliyajua mabega hayo.

Wakaanza.

Mwanzo ulikuwa uleule wa sebuleni: mikwaruzo, mbweko, kidole chenye mate juu ya ngozi. Msichana wa meza ya randa alikuwa anatikisa kichwa taratibu, amefumba macho, kana kwamba anasikia kitu. Jirani mshonaji alijikuna shingo. Mama Taratibu alishika mikono yake mapajani na kuhesabu misumari ukutani ili asikunje uso. Fundi alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Tone la mate likaning'inia kwenye ukingo wa saksafoni, likarefuka, likarefuka. Mama akaangalia pembeni.

Halafu kitu kikatokea ambacho hakukitegemea. Mbao alichukua upinde, akasugua uzi mnene polepole, na karakana yote ikajaa sauti moja ya chini, kama watu wengi wanaoguna kwa pamoja. Mkwe akaacha fimbo, akachukua brashi, akawa anafagia ngoma tu, sssh, sssh. Na Fundi, juu ya hiyo, akashika sauti moja ndefu, safi, ya chini, akaishikilia bila kuitikisa. Ilikuwa sauti ambayo mumewe alianza nayo kila Jumapili, kabla hajavaa koti, kupima kama saksafoni imeamka. Mama Taratibu alisahau misumari. Alimwona mtu wake amesimama dirishani na soksi mguuni, mgongo wake mpana, kiwiko kimeinuka. Macho yakamjaa machozi. Akawaza, kumbe yumo humu. Akawaza, basi niache, akae nayo. Alikuwa karibu kabisa kukata shauri hivyo, na angelikata.

Ndipo aliposikia ile pumzi.

Haikuwa kubwa. Ilikuja kati ya ufagio mmoja wa brashi na mwingine: mluzi mwembamba, wa juu, kama upepo unaopita chini ya mlango. Mama Taratibu alimtazama mkwe. Kinywa kilikuwa wazi. Shingo ilikuwa inaingia ndani kwa kila pumzi, panatokea shimo pale juu ya kifua. Hii ilikuwa ile ya kukimbilia dawa.

Fundi naye alisikia. Alimgeukia mkwe, akainama, akasogeza saksafoni karibu na uso wake, akautoa mluzi uleule. Wembamba uleule, urefu uleule. Mkwe akavuta pumzi, saksafoni ikavuta. Mkwe akakwama, saksafoni ikakwama. Watu wakasogea mbele kwenye viti vyao. Msichana wa meza ya randa alifumbua macho.

Mkwe akainua mkono wenye brashi, kiganja kimefunguka. Yeyote angejua ni mkono wa mtu anayesema ngojeni. Lakini pale hapakuwa na mkono wa kusema ngojeni. Hawakupatana neno, hawakupatana ishara. Mkono ukaanguka juu ya toazi, toazi likalia, Mbao akalijibu kwa pigo la uzi, na mtu mmoja nyuma akasema, "Eeeh!" Mkwe akapiga ngoma kubwa kwa mguu, mara moja, kwa nguvu, kama anayegonga mlango. Fundi akalibwekea pigo hilo. Mkwe akajaribu kunyanyuka, akalikumba toazi, likaanguka na kuburura vyuma vyote sakafuni, na watu wakapiga makofi.

Wakapiga makofi. Mama Taratibu aliwatazama wale watu wenye meno nje.

Alinyanyuka.

Ndala zake zilipiga sakafu, pa, na besi likajibu, pum. Pa, pum. Pa, pum. Mbao alikuwa amefumba macho, anamfuata hatua kwa hatua bila kujua anamfuata nani. Jirani mshonaji alimshika kanga amzuie, akidhani amekasirika tu, lakini Mama Taratibu akajichomoa. "Acheni!" alisema. Kwa mara ya kwanza mtaa ule ulimsikia akipaza sauti. "Acheni!"

Na saksafoni ya mumewe ikamjibu, kwa mvuto wake, kwa ukali wake: aaa-cheee-ni. Watu wakacheka, wakapiga makofi tena.

Hakusema tena. Alizunguka ngoma, akachomoa pampu kwenye koti msumarini, akamshika mkwe kisogo kama anayemshika mtoto wakati wa kumnywesha dawa, mkwe ambaye hakuwahi hata kupeana naye mkono. Akamtia pampu kinywani. "Vuta. Tena. Usiniangalie, vuta." Midomo ilikuwa na rangi ya jivu. Akamfungua vifungo vya shati. Ngozi ya kifua ilikuwa imelowa na ya baridi, imegandwa na vumbi la mbao. "Tena, baba. Vuta."

Mbao ndiye aliyenyamaza kwanza. Alifumbua macho, akaona ile midomo, akaacha besi lake lianguke kwenye kabati lenye vanishi mbichi. Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, wengine bado wanatabasamu kwa kutokuwa na hakika. Saksafoni iliendelea. Iliendelea peke yake, juu, nyembamba, inashuka polepole, mpaka Fundi alipoona inafaa kuisimamisha. Akaishusha, akafuta mdomo kwa mkono. Uso wake ulikuwa unang'aa.

Walimtoa mkwe nje, wakamkalisha juu ya rundo la mbao chini ya ukingo wa bati. Jirani mshonaji alimpepea kwa upande wa kanga yake na kumtukana kwa mapenzi. "Ungekufa, wallahi, na mimi ningekupigia makofi! Mimi na akili zangu! Ningejibu nini kwa mkeo?" Dawa ikafanya kazi. Pumzi ikaanza kurudi, yenye kukwaruza lakini yenye nafasi. Watu waliaga kwa sauti za chini. Msichana wa meza ya randa alimshika Fundi mkono, akamwambia hajawahi kusikia kitu kama kile. Fundi akasema ahsante.

Mama Taratibu alirudi ndani kuchukua koti la mkwe. Aliwakuta Fundi na Mbao wamesimama kwenye rafu. Saksafoni ilikuwa imelazwa sakafuni, kwenye vumbi, unga wa mbao umekaukia kwenye mate mdomoni mwake ukawa kama ukoko wa kidonda.

"Mama, uliahidi," Fundi alisema. Alisema kwa tabasamu, lakini alisema. "Ukae mpaka mwisho, usinyanyuke. Nilikuwa bado sijamaliza."

Mama alimtazama. Alidhani hakusikia vizuri.

"Siombi ugomvi," Fundi akaendelea. "Shemeji yuko salama, Mungu ashukuriwe, na ni kwa sababu yako. Lakini makubaliano ni makubaliano."

"Fundi, acha," Mbao alisema. "Si leo."

"Ngoja kwanza, nisikie kama imeshika." Fundi akabonyeza simu. Ikakwaruza, ikatoa sauti ya besi, ikatoa ile sauti ndefu ya Jumapili, na moyo wa mama ukauma. Kisha ukaja mluzi. Pale chumbani mluzi haukuwa mkubwa, lakini simu ilikuwa imekaa karibu na ngoma. Ulijaa karakana nzima. Mtu anakosa hewa, na pembeni yake chombo kinamwiga, kinamfuata chini na juu, kinamngojea akwame ndipo kikwame.

Fundi aliinua kidole. "Hapa. Sikieni hapa. Sikieni nilivyomkamata."

Kivuli kikaangukia sakafuni. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, shati wazi, mkono umeshika fremu. Alikuwa anajisikia mwenyewe. Lilipofika lile pigo moja la ngoma kubwa, la kugonga mlango, alifumba macho.

Mbao akanyoosha mkono, akaizima simu.

"Mwanangu," Mama Taratibu alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya kawaida, ya chini. "Nataka unijibu kitu kimoja. Seremala alikuwa amefumba macho. Wale watu hawamjui kijana huyu. Wewe ulikuwa umemwinamia usoni. Ulimuuguza baba yako pamoja na mimi. Ule mluzi, ulikuwa hujaujua?"

Fundi alifungua kinywa haraka, kama mwenye jibu tayari, halafu akakifunga. Alimwangalia Mbao, akamwangalia mkwe mlangoni. Ile nuru usoni ikapungua, lakini haikuisha, na hilo ndilo mama aliloliona.

"Niliujua," alisema. "Nilijua ni kifua. Nilidhani kitapita, Mama, huwa kinapita. Na..." Alitafuta neno, mikono yake inazunguka hewani kama inayofungua bomba la friji. "Kilikuwa kizuri mno. Ningekata vipi? Hata wewe ulikuwa unalia, nilikuona. Nilitaka ukisikie mpaka mwisho."

Nje, jirani mshonaji alikuwa anauliza kwa sauti kama mgonjwa amekunywa maji.

Mama Taratibu alipiga magoti kwenye vumbi. Aliiokota saksafoni, akailaza mapajani. Aliufungua ule ulimi wa mwanzi mdomoni mwake, uliolowa bado, wenye utelezi, akaushika kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayetoa mdudu kwenye mboga, akanyoosha mkono, akauweka kwenye kiganja cha Fundi. Halafu akachukua pindo la kanga yake, akaifuta saksafoni ndani mpaka kitambaa kilipotoka kisafi, akaitenganisha vipande, akalaza kila kipande mahali pake kwenye sanduku jeusi.

"Mama," Fundi alisema. "Mama, sema basi. Sema chochote."

Akabonyeza vifungo vya sanduku, kimoja, kingine. Akanyanyuka, akampitia mkwe mlangoni, akamwekea koti lake mabegani na kuivuta kola vizuri. Kisha akashika njia na sanduku lake mkononi, kwa mwendo wake uleule wa kila siku, bila kusema neno jingine.